Safu Nyembamba na Majina Marefu

Mizani yaweza kudanganya kwa njia nyingi. Springi yake yaweza kulegezwa, kitako chake chaweza kuinamishwa, na hata ikiwa nzima yaweza kusomwa na mtu mmoja tu mbele ya umati usioruhusiwa kuisogelea. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliyajua haya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika, malalamiko yao juu ya kupunjwa na wanunuzi yalizidi kiasi hata wakawa na wapimaji wao wenyewe wa kuupima mzigo kabla haujafika mbele ya mnunuzi. Na katika mwendo huo vikakua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 vilikuwa na umoja wao mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mashuhuri. Madai ya wakulima hayakuhitaji mwanasheria wa kuyaeleza: ratili iliyotoka shambani ni ratili, na isomwe hivyo mbele ya mwenyewe.

Kata ya Migato ilikuwa katika wilaya ya Bariadi, na tangu mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoundwa, imo katika wilaya ya Itilima ambayo makao yake yako Lagangabilili. Pamba bado ni zao la biashara la nchi ile, na mizani bado ndiyo hakimu wa msimu. Lakini uzito haukai katika mizani. Mara mzigo ushushwapo, uzito huwa tarakimu, na tarakimu huandikwa mbele ya jina la mtu, katika mstari wa jedwali. Zamani jedwali hilo lilichorwa kwa rula na kalamu ya wino katika daftari kubwa. Siku hizi, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, huandikwa na programu isiyojua picha wala rangi, ijuayo herufi, nafasi tupu na vistari tu. Programu hiyo ikikata jina la mtu, au ikisogeza tarakimu kutoka safu yake na kuitia katika safu ya jirani, imepunja. Haidhuru mizani ilikuwa safi kama maji ya mvua.

Jedwali la namna hii, la herufi tupu, lina asili ya kale kwa umri wa kompyuta. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80 za matundu. Kioo cha VT100, kilichotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, kilikuwa na herufi 80 kwa upana na mistari 24 kwa urefu. Na hata leo dirisha la kuandikia amri hufunguka aghalabu likiwa na upana uo huo, kama nyumba iliyorithiwa ambayo wajukuu hawajathubutu kuibomoa. Katika dirisha hilo kila herufi hupewa nafasi sawa na mwenziwe: i haizidiwi na m. Kwa hiyo mtunga programu aweza kuzipanga safu kwa kuhesabu nafasi peke yake, bila ya kuchora lolote.

Wako wasemao kwamba habari hii yote ni ya makumbusho. Kwamba majedwali siku hizi huchorwa kwa programu za hesabu zenye visanduku na rangi, na kwamba dirisha la amri limebaki kuwa mchezo wa mafundi wachache. Wasemao hivyo hawajatazama mifukoni mwao. Risiti ya duka, ile itolewayo na mashine za kielektroniki ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2010, ni jedwali la herufi tupu. Karatasi yenye upana wa milimita 58 hubeba kwa kawaida herufi 32 kwa mstari, na ndani ya herufi hizo 32 bidhaa, idadi na bei hugombea mahali. Kikaratasi kitokacho katika mizani yenye mashine ya kuchapia ni ndugu yake. Orodha ipigwayo chapa na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama kinavyoitwa, yaweza kuwa imetoka katika programu ya amri bila ya mtu yeyote aliyesimama mbele ya ukuta ule kujua. Fundi aliyeitunga yuko mbali, na dirisha lake ni pana. Mkulima anasoma mwisho wa kazi, mahali palipo pembamba.

Sasa watunga programu hujitetea kwa hoja ya nafasi. Safu ina mpaka, wasema. Neno likizidi mpaka halina budi kukatwa. Hoja hii huelezwa kana kwamba ni sheria ya maumbile, kama kwamba safu ni mtungi na neno ni maji, na yanayozidi humwagika yenyewe. Si kweli. Katika lugha ya C, na katika lugha nyingi zilizofuata desturi yake, mtunga programu apangapo neno katika safu hutaja upana kwa tarakimu, na tarakimu hiyo peke yake haikati kitu. Akisema 12, neno la herufi 6 litaongezewa nafasi tupu 6, na neno la herufi 13 litaandikwa lote, likisukuma safu zinazofuata mbele kidogo. Ili neno likatwe, hana budi kuongeza nukta na tarakimu nyingine baada yake. Nukta hiyo moja ndiyo kisu. Hakuna mashine iliyoitia. Imetiwa na mkono wa mtu aliyependa mistari yake inyooke kuliko alivyopenda majina yaliyomo yasomwe. Jedwali lililopinda kwa sababu ya jina refu lina ubaya wa uso tu. Jedwali lililonyooka kwa sababu limekata jina lina ubaya wa moyo, na ubaya huo hauonekani, maana neno lililokatwa halitoi damu.

Na ubaya huo huzidi katika Kiswahili. Desturi ya kukata mkia wa maneno ilikuja pamoja na Kiingereza, na kwa Kiingereza ina udhuru wake: kichwa cha neno ndicho aghalabu kibebacho maana, na mkia ni pambo la sarufi. Neno received likikatwa likawa rec, karani wa London bado hulitambua. Kiswahili hakikujengwa hivyo. Mwanzo wa neno husema nani na lini. Mzizi huja katikati. Na neno la kuhukumu, nani alitenda na nani alitendewa, hukaa mwishoni kabisa. Amelipa na amelipwa ni maneno mawili ambayo watu wameshitakiana kwa ajili yake tangu fedha ilipoingia nchini. Yakiwekwa katika safu ya herufi 6, yote mawili huwa amelip. Huwa hivyo pia amelipiwa, na huwa hivyo amelipishwa. Mdai, mdaiwa, mdhamini na aliyetozwa kwa nguvu wamesimama katika mstari mmoja wamevaa kanzu moja, na jedwali limenyooka kama uzi. Mtu asiyeona dhuluma hapo ni kwa sababu jina lake halimo.

Vichwa vya safu huumia zaidi. Tuseme karani anataka safu tatu: Pamba iliyopimwa, Pamba iliyopokelewa, Pamba iliyolipiwa. Kila kichwa huanza kwa herufi na nafasi 11 zilizo sawasawa. Programu yenye kikomo cha 10 itamwandikia hivi:

Pamba iliy   Pamba iliy   Pamba iliy

Chini ya vichwa hivyo kuna tarakimu tatu zisizolingana, maana pamba yaweza kupimwa leo, ikapokelewa kesho baada ya kuondolewa uchafu, na ikalipiwa mwezi ujao. Msomaji ataijuaje ipi ni ipi? Kikomo kikiongezwa hadi 12 yapatikana nafuu ya kuchekesha: iliyolipiwa yajitenga, lakini iliyopimwa na iliyopokelewa bado ni pacha, Pamba iliyop na Pamba iliyop. Na mahali pa kupunjia pakubwa kuliko pote ni pale pale, kati ya kilichopimwa na kilichopokelewa.

Dawa ya jambo hili haikutaka kompyuta. Makarani wa madaftari ya wino waliijua. Neno lirudiwalo huandikwa mara moja juu, Pamba kwa kilo, na chini yake zikaja safu zenye maneno yanayotofautiana tu: Imepimwa, Imepokelewa, Imelipiwa. La mwisho lina herufi 9, la katikati 11, la kwanza 8. Hakuna lililokatwa. Kilichohitajika ni kufikiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika, badala ya kufikiri kwa lugha nyingine na kisha kuifasiri mistari mmoja mmoja kama mtu anayevisha mwanasesere nguo za mtoto wa jirani.

Yupo mfano wa kale katika programu zenyewe ambao ungefaa kuwaaibisha mafundi, lakini wameuzoea. Programu iitwayo ps, ionyeshayo kazi zinazoendelea ndani ya mashine za Unix na Linux, huandika jina la mwenye kazi katika safu ya kwanza, na kwa desturi safu hiyo ni ya herufi 8. Katika matoleo yake ya zamani ya Linux, mtu mwenye jina la herufi 9 au zaidi alinyimwa jina lake kabisa. Mahali pake paliandikwa namba. Matoleo ya baadaye yakaona haya kidogo: hukata jina na kutia alama ya kujumlisha mwishoni, ili msomaji ajue kwamba kuna kilichobaki nje. Alama ile ni heri kuliko kimya. Ni kukiri kwamba kitu kimeondolewa, na kukiri ni nusu ya uaminifu. Lakini nusu nyingine bado inadaiwa.

Itilima ni mahali pazuri pa kupimia deni hilo. Majina mengi ya Usukuma huanza kwa Mwa: katika wilaya hiyo moja kuna kata za Mwamapalala, Mwamtani, Mwaswale na Mwalushu. Programu iliyotengewa herufi 4 kwa jina la kata, kama zilivyo programu nyingi zinazopenda vifupisho, itaandika Mwam kwa Mwamapalala na Mwam kwa Mwamtani, na pamba ya kata mbili itakuwa imekusanyika katika ghala moja la karatasini. Migato ina bahati: ina herufi 6 tu, hupita katika tundu lolote. Lakini mkulima wa Migato hana sababu ya kufurahia bahati hiyo, kwa kuwa jina lake mwenyewe na la baba yake hayakupimwa kwa kipimo cha kata.

Tena kuna herufi moja ya Usukuma ambayo programu nyingi huikwaa kama ng'ombe akwaavyo kisiki. Ni ile alama ndogo iliyo katika ng', ambayo Kiswahili nacho huitumia. Kata ya Kinang'weli imo Itilima, na majina ya watu yenye Ng'wa hayahesabiki. Alama hiyo ikiandikwa kwa namna iliyonyooka, programu iitwayo xargs, ambayo mafundi huitumia kila siku kupeleka majina kutoka amri moja hadi nyingine, huiona kuwa ni alama ya kunukuu iliyofunguliwa isifungwe, ikasimama na kulalamika. Hifadhi za data nazo huifunga sentensi papo hapo, ikiwa aliyeziandikia amri hakuchukua hadhari. Fundi mwenye haraka ana dawa yake: aifuta alama. Ng'wa ikawa Ngwa, jina likawa jingine, na kitambulisho cha mtu na orodha ya malipo vikaacha kupatana.

Alama ile ile ikiandikwa kwa namna iliyopinda, kama programu za kuandikia barua zipendavyo kuigeuza zenyewe bila ya kuulizwa, msiba ni wa namna nyingine. Katika utaratibu wa herufi uitwao UTF-8, alama iliyopinda huchukua baiti 3, ingawa jichoni ni kitu kimoja. Kipimo cha upana katika C huhesabu baiti, hakihesabu herufi. Kinang’weli kwa jicho ni 11. Kwa C ni 13. Ikitengewa nafasi 14, badala ya kuongezewa 3 huongezewa 1, na mstari mzima wa kata ile, kilo zake na shilingi zake, husogea kushoto nafasi mbili. Msomaji hudhani karani ni mlevi. Kumbe karani hana kosa. Kosa ni la mtu aliyeona kwamba herufi zote duniani ni zile zilizomo katika mji wake. Na ujumbe mfupi wa simu hutoza faini yake pia: ujumbe wa herufi za kawaida hubeba 160, lakini ukitiwa alama moja tu ya kupinda isiyokuwamo katika orodha ya herufi za simu, hubadili mfumo na kubeba 70. Mtu mmoja wa Kinang'weli akitajwa kwa jina katika taarifa ya malipo, gharama ya taarifa yaweza kuzidi maradufu. Hapana shaka msimamizi wa fedha akiona hivyo ataamuru alama zifutwe zote, na ataitwa mwangalifu.

Lakini hata majina yote yakiandikwa kamili, liko pengo jingine, na hilo ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu hugusa fedha moja kwa moja. Ni pengo la mahali patupu. Programu iitwayo column, itumikayo kupanga majedwali, ikiachwa katika desturi yake huzitenga safu kwa kutazama nafasi tupu, na nafasi tupu nyingi zikifuatana huzihesabu kuwa ni moja. Basi mkulima mmoja alikopa dawa ya kuulia wadudu, na katika mstari wake pana kilo, makato na malipo. Jirani yake hakukopa. Mahali pa makato pakaachwa patupu. Programu ikipita, yaona kilo, yaona malipo, haioni kilichokosekana katikati, na yasogeza malipo katika safu ya makato. Jedwali litokalo ni zuri na limenyooka. Lasema kwamba mtu asiyekopa amekatwa pato lake lote na hakulipwa hata senti. Jina la maneno mawili nalo huvunjwa kwa desturi hiyo hiyo likawa safu mbili, na kila kilicho mbele yake kikasukumwa kulia. Mtu mwenye jina refu na asiye na deni aweza hivyo kusukumwa na kuvutwa katika mstari mmoja, na mwisho tarakimu zake zikaangukia mahali pake kwa bahati. Hapo kosa limeficha kosa.

Kuepa haya si kazi ya wiki. Data itengwe kwa alama isiyomo katika majina, kama alama ya tabo, na programu iambiwe hivyo waziwazi. Mahali pasipo na kitu paandikwe kistari, na mahali palipo na sifuri paandikwe sifuri, maana asiyekopa na aliyemaliza kulipa si watu sawa, na wala asiyepimiwa pamba si sawa na aliyepimiwa akaonekana hana. Tarakimu zipangwe kulia, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Mtoto wa shule ya msingi aliye na daftari la hesabu la visanduku hulifanya jambo hili kila asubuhi, na akikosea hurudishiwa daftari. Programu iwekayo tarakimu katikati ya safu kwa sababu ya urembo ingerudishiwa daftari lake vivyo hivyo.

Kuhusu urembo wenyewe maneno machache yatosha. Wako wanaozungushia kila tarakimu ukuta, kwa vistari, alama za kujumlisha na nguzo, kana kwamba tarakimu zitatoroka. MySQL huandika hivyo kwa desturi. Katika karatasi ya herufi 32, nguzo nne zenye nafasi pembeni zaweza kula theluthi ya karatasi, kisha mwenye programu akasema hana mahali pa kuandika jina zima! Mstari mmoja chini ya vichwa watosha, na nafasi mbili kati ya safu.

Hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili ni ya mazoea, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Wasema: wananchi huzoea. Matokeo ya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania yana safu ziitwazo CNO, SEX, AGGT na DIV. Ni vifupisho, tena vya lugha ya kigeni, na hakuna nyumba yenye mtahiniwa isiyojua kuvisoma. Bibi asiyejua Kiingereza hata salamu hujua DIV ni nini na hujua ipi ni ya kulia na ipi ni ya kuchinja kuku. Kwa nini basi mkulima asizoee amelip?

Jibu ni kwamba DIV haikukatwa na programu. Ni kifupisho kilichochaguliwa, kikawekwa na kikafundishwa, na hakifanani na kingine katika karatasi ile. Namba ya mtahiniwa nayo huandikwa kamili, tarakimu zake zote. Hakuna aliyewahi kudai kwamba tarakimu za mwisho ziachwe kwa sababu safu imejaa, maana kila mtu aona kwamba mtoto wa mtu angepewa matokeo ya mwingine. Namba ya LUKU nayo ina tarakimu 20, na hakuna muuza umeme atakayetoa 18 kwa kisingizio cha karatasi nyembamba. Kumbe watunga programu wajua sana kutokata, pale ambapo kilichokatwa hakitafanya kazi na mnunuzi atarudi mara moja akigomba. Neno na jina hukatwa kwa sababu mwenye jina harudi. Anaondoka na karatasi yake, anafika nyumbani, anampa kijana amsomee, na kijana naye hajui.

Wako pia waitwao wapenda mashine, wasemao kwamba jedwali la amri si kwa ajili ya mtu. Ni chakula cha programu inayofuata, na mtu akitaka kulisoma atafute miwani. Hawa wana haki nusu. Programu inayofuata haihitaji jedwali lililopangwa. Yahitaji data yenye alama ya kutenga, isiyo na vichwa vya madaha. Kosa lao ni kutaka kitu kimoja kitumikie mabwana wawili. Programu yaweza kutambua kama yaandikia dirisha la mtu au mfereji wa kwenda kwa programu nyingine, na ‘ls’ imefanya hivyo kwa miongo mingi: huandika majina kwa safu mbele ya mtu, na jina moja kwa mstari mbele ya mashine. Asiyetaka kumwandikia mtu aseme wazi, na kazi yake isibandikwe ukutani mwa ushirika.

Yabaki swali la haki juu ya jina lisiloenea kweli. Yako majina ambayo hata karatasi pana haiyatoshi yakiwa pamoja na safu saba za tarakimu. Hapo njia ni mbili, na zote hazikati. Moja ni kulivunja jina ndani ya safu yake, sehemu ya pili ikaandikwa chini ya ya kwanza. Jedwali litarefuka, na karatasi ya risiti ina urefu kuliko upana. Nyingine ni kuligeuza jedwali lisimame wima: kila mtu akapewa fungu lake, jina katika mstari wa kwanza, kisha kilo, kisha makato, kisha malipo, kila kimoja na kichwa chake kando. PostgreSQL na MySQL zote zina amri fupi ya kufanya hivyo. Katika simu ndogo, ambayo haziandiki herufi kwa upana sawa na huvuruga jedwali lolote lililopangwa kwa nafasi, njia hii ya pili ndiyo peke yake inayofaa, na atumaye safu sita kwa ujumbe mfupi ametuma fumbo.

Gharama yake? Ili kujua upana wa safu, programu haina budi kusoma majina yote kwanza, itafute lililo refu, ndipo ianze kuandika. Mafundi hulalamika kwamba ni kusoma mara mbili. Kwa habari zinazotiririka bila mwisho lalamiko lina maana. Orodha ya wanachama wa chama cha msingi hata hivyo si mto Simiyu wakati wa masika. Ina mwanzo na ina mwisho, na kompyuta ndogo kuliko zote ziuzwazo Bariadi huipitia mara mbili kabla karani hajakaa vizuri kitini.

Na ile karatasi ya herufi 32, ambayo huletwa kila mara kuwa shahidi wa mwisho, haijapata kuulizwa vizuri. Liandikwe jina refu, Lagangabilili, lenye herufi 13, bila ya kukatwa. Zifuate nafasi 2. Ziandikwe kilo 1,250, alama 5 pamoja na mkato wake. Nafasi 2 tena. Kisha shilingi 1,500,000, alama 9. Jumla ni 31. Jina limeandikwa zima, uzito umeandikwa mzima, fedha zimeandikwa zote, na imebaki nafasi moja.